Binti kamaliza kidato cha nne, yupo Moshi: fani gani ya ufundi itakuwa bado na kazi akifika miaka 40?

Mlezi_Majengo

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaozijua fani hizi kwa mikono.

Binti ana miaka 18, yupo Moshi mjini. Matokeo ni D nne, hesabu F, kwa hiyo kidato cha tano hakuna. Ni mtulivu, anapenda kufungua vitu na kuvirudisha, haogopi mafuta wala vumbi. Zilizo mezani ni nne: umeme wa majumbani, friji na AC, magari, na kozi ya kompyuta ya miezi sita. Fedha iliyopo inatosha ada ya chuo cha serikali na vifaa vichache vya kuanzia. Chuo cha bei kubwa hatuwezi.

Ipi itaendelea kuhitajika hapa Moshi na Arusha, siyo Dar? Aanzie wapi, anunue nini kwanza, na ni makosa gani yanawafanya wengi wamalize chuo halafu wakae nyumbani na cheti kwenye bahasha?

Ubaridi_Kilombero

Mkuu, usianze na jina la fani, anza na mtaa. Mpe binti daftari atembee asubuhi moja kutoka soko la Mbuyuni hadi Double Road, aandike kila kitu kinachounguruma: friji za soda, friza za bucha, AC ukutani, jenereta, pampu za maji, mashine za kusaga. Pembeni ya kila kimoja aandike jibu la swali moja: hiki kikizima leo asubuhi, hadi jioni mwenyewe kapoteza nini?

Kompyuta ya duka la kuchapa ikizima, mteja anavuka barabara na mwenye duka anasubiri kesho. Friza ya bucha iliyopokea nyama alfajiri ikizima saa nne mwezi wa pili, jioni nyama imebadilika rangi na hakuna wa kuinunua. Zahanati ina chanjo za kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Mkusanya maziwa anatakiwa ayashushe hadi nyuzi 4 haraka kabla hayajachachuka. Mashamba ya maua upande wa Usa River yanahifadhi waridi kwenye vyumba vya baridi kabla ya safari. Watu hawa hawamwambii fundi "pita kesho". Kwa hiyo naipigia kura friji na AC, ila kwa huku kwetu friji ije kwanza na AC ifuate.

Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba watu wanavaa makoti, na ofisi nyingi hazina AC kabisa. Moshi mjini iko chini zaidi, haifiki mita 1,000, na joto la Januari na Februari linaleta kazi za AC. Anayejua AC peke yake atakuwa na miezi ya njaa. Bia na nyama zinahitaji baridi mwaka mzima.

Kuna pia Desemba ya uchagani, ambayo fundi wa Dar hawezi kuielewa. Nyumba za Marangu, Machame na Kibosho zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa ndani ya wiki mbili. Friji zilizolala zinawashwa siku moja, zinajazwa soda za moto hadi mlango haufungi, na umeme unashuka kwa sababu kila nyumba imewasha. Panya wametafuna waya nyuma, raba ya mlango imekauka na kupasuka, kompresa (pampu inayosukuma gesi) inajaribu kuwaka kwa volti 170 na kushindwa. Fundi mwenye raba za saizi za kawaida, rilei (swichi ya kuwashia kompresa) na overlodi (ya kukata umeme kompresa ikizidiwa) za akiba kwenye mkoba anafanya kazi kuanzia tarehe 15 hadi mwaka mpya.

Sasa kwa nini wengi wanakaa nyumbani na cheti. Sababu namba moja ni kwamba wanajua kujaza gesi tu. Friji haipozi? Jaza gesi. Gesi haiishi kama mafuta ya gari. Imefungiwa ndani ya mabomba, na ikipungua kuna tundu. Ukijaza bila kuziba tundu, mteja anakuita tena baada ya mwezi, na mara ya tatu anamwita mwingine.

Kabla ya kugusa gesi, binti ajifunze kupima kompresa kwa mita. Kompresa ya friji ya nyumbani ina pini tatu: ya pamoja, ya kuwashia na ya kukimbizia. Unachomoa waya, unapima jozi tatu. Jozi yenye namba kubwa kuliko zote lazima iwe sawa na jumla ya mbili zilizobaki. Mfano kwa omu, kipimo cha ukinzani: 12, 20 na 32. Pini ambayo haimo kwenye jozi ya 32 ndiyo ya pamoja. Kutoka kwa ya pamoja, 20 ni ya kuwashia na 12 ni ya kukimbizia. Jozi yoyote isiposoma kabisa, koili imekatika, au overlodi ya ndani haijapoa (subiri saa mbili upime tena kabla hujamwambia mteja kompresa imekufa). Pini yoyote ikisoma na mwili wa kompresa, koili imeungua na itapiga watu shoti. Kazi hii ni ya dakika tano, na inaokoa kompresa nyingi nzima zinazouzwa kama chakavu kwa sababu tu rilei ndogo iliungua.

Nguzo_Tatu

Nakubaliana na Ubaridi kuhusu soko. Sikubaliani na pa kuanzia. Friji nyingi zinazoletwa kwa fundi zina tatizo la umeme, siyo la ubaridi: rilei, kepasita, themostati, soketi iliyolegea. Asiyejua umeme atakuwa anabahatisha. Aanze na umeme hata kama mwisho wake ni friji.

Umeme nao una ngazi zake. Kuvuta wayaringi ya vyumba vitatu wanajua vijana wengi sana, na bei wameishusha hadi kazi haina maana. Ngazi ya juu yake ina watu wachache: mota za umeme wa njia tatu (fezi tatu), mashine za kusaga, pampu za visima, mifumo ya jua ya kuvuta maji mashambani. Pale fundi anatakiwa ajue kwa nini mota inaunguruma bila kuzunguka (njia moja imekatika), kwa nini inazunguka kinyume (badilisha waya mbili kati ya tatu), na overlodi iwekwe ngapi (ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, siyo zaidi). Wenye mashine Moshi vijijini wanaunguza mota kila msimu kwa sababu overlodi iliwasumbua, mtu akaizungusha hadi mwisho ili "isikate".

Pili ni leseni. TANESCO hawaungi nyumba mpya bila wayaringi kusimamiwa na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Leseni zina madaraja, na daraja linategemea elimu na uzoefu ulioandikwa. Kijana anayefanya kazi miaka mitano bila kuandika popote anakuja kuomba akiwa mikono mitupu. Tangu siku ya kwanza binti awe na daftari: tarehe, mahali, kazi, vipimo kabla na baada, na sahihi ya fundi aliyemsimamia.

Mlezi_Majengo

Nimewaelewa, asanteni sana. Wasiwasi wangu ni hiyo F ya hesabu. Je, si itamkwamisha? Na hizo gesi za siku hizi nasikia zinabadilika, asije akasoma kitu kikafa akiwa na miaka 30.

Ubaridi_Kilombero

Kwenye diploma za uhandisi F ya hesabu inafunga mlango, huko wanataka hesabu na fizikia. Kwenye ufundi stadi wa VETA haimfungii njia. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha, kugawanya na asilimia. Mfano halisi: kibati cha friji kinasema gesi gramu 50. Ukikosea gramu 10, umekosea asilimia 20, na friji itakuambia. Ikipungua, barafu inashika mwanzo tu wa koili ya ndani na sehemu iliyobaki ni ya moto. Ikizidi, umande na barafu vinarudi kwenye bomba hadi karibu na kompresa. Kwa hiyo anahitaji mizani, na anahitaji kusoma kibati. Akiweza kupima unga wa maandazi, anaweza hili.

Kuhusu gesi kubadilika, hilo ndilo linalofanya fani hii iendelee kuhitaji watu wapya. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioanza kuziondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. R22 iliyo kwenye AC nyingi za zamani inaondoka, na kwa nchi zinazoendelea mwaka wa ukomo ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yakaongeza za aina ya R134a na R410A kwenye orodha ya kupunguzwa kwa sababu ya joto la dunia. Zinazochukua nafasi ni R600a kwenye friji za nyumbani na R32 kwenye AC, na zote mbili zinashika moto. Mafundi wengi wa zamani wanaziogopa, au wanazitumia vibaya. Binti akizijua vizuri tangu chuoni, atakuwa mbele ya watu waliomtangulia miaka 20.

Ajue hatua hizi kwa R600a hadi azifanye usingizini. Fungua milango na madirisha, zima jiko na kila chenye cheche. Toa gesi ya zamani nje kwa mpira mrefu, mbali na watu. Pitisha nitrojeni ndani ya mabomba kabla ya moto wowote kugusa. Badilisha draya (kichujio kinachonyonya unyevu) kila unapofungua mfumo, hata kama inaonekana nzima. Chomelea, kisha jaza nitrojeni na pima uvujaji kwa povu la sabuni kwenye kila kiungo. Vuta vakyumu (toa hewa yote ndani kwa pampu) nusu saa au zaidi, funga, subiri dakika kumi uone kama sindano inarudi. Pima gramu, jaza, funga.

Mambo matatu yanaua watu au friji hapo. La kwanza ni kutumia oksijeni badala ya nitrojeni kupima uvujaji kwa sababu mtungi wa oksijeni upo karibu. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, na wasaidizi wanafia hapo. La pili ni kujaza gesi ya kupikia. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani wenye harufu na uchafu, haina uwiano unaoaminika. Itapoza wiki chache kisha ilete matatizo, na ikivujia ndani ya friji ya R134a, ambayo themostati na swichi zake hazikutengenezwa kwa gesi ya moto, cheche moja inatosha. La tatu ni kuruka vakyumu. Tone la maji likibaki ndani linaganda pale kapilari (bomba jembamba la kupitisha gesi) inapoishia: friji inapoza, inaacha, inayeyuka, inapoza tena. Ukiona mchezo huo, ni maji, usiongeze gesi.

Kwenye vakyumu kuna jambo la hapa kwetu ambalo wengi hawalijui. Kitabu kinasema sindano ishuke hadi inchi 30 za zebaki, lakini hiyo ni pwani. Geji ya kawaida inapima tofauti na hewa ya nje, na hewa ya Arusha ni nyepesi. Kwa hiyo pampu nzima kabisa itaishia kama inchi 25 Arusha na kama 27 Moshi mjini. Wanafunzi wanaacha pampu ikinguruma saa tatu wakisubiri 30, wengine wanatafuta tundu lisilokuwepo, na wengine wanatupa pampu nzuri. Dawa ni geji ya maikroni, inayopima presha iliyobaki ndani na haijali mwinuko. Ikifika maikroni 500 na kukaa pale pampu ikiwa imefungwa, mfumo ni mkavu.

Vifaa anunue kwa mpangilio huu: mita ya klampu inayosoma ampea, omu na volti, kikata bomba na kifaa cha kupanua midomo ya mabomba, geji, mizani, halafu pampu ya vakyumu ya hatua mbili, lita 70 hadi 100 kwa dakika inatosha friji na AC ndogo. Geji za R22 asizitumie kwa R32 wala R410A, presha yake ni kubwa zaidi na mipira inapasuka. Mtungi wa nitrojeni aazime au akodi hadi kazi ziwe nyingi.

Spana_14

Niongeze la magari kwa ufupi maana limesahauliwa. Arusha ni mji wa Land Cruiser. Magari ya watalii yanakimbia mawe na vumbi kuanzia Juni hadi Oktoba, halafu Aprili na Mei mvua za masika zinapopunguza wageni, kampuni zinayaingiza gereji kwa pamoja: springi zilizokatika, bushi, shokomzoba, bering za magurudumu, filta za hewa zilizojaa vumbi. Kijana anayejua chini ya gari hakosi kazi miezi hiyo miwili, na anayejua 1HZ, injini ya dizeli ya Land Cruiser, anaheshimika mwaka mzima.

Lakini kwa binti anayeanza na fedha ndogo, magari yana ugumu mmoja: huwezi kuanza peke yako na mkoba. Unahitaji jeki, uwanja, na mtu wa kukuamini na gari lake. Friji unaifuata jikoni kwa mtu na mkoba mmoja. Na kama atapenda magari baadaye, AC ya gari ni daraja zuri, mafundi wake wazuri hapa mjini ni wachache.

Kozi ya kompyuta ya miezi sita aiache kama ndiyo kazi peke yake. Kuandika barua na kutengeneza jedwali ajifunze jioni, atahitaji kwa ankara na makadirio.

Nguzo_Tatu

Mlezi, njia ninayoiona ni hii. Omba nafasi VETA mapema. Kozi ndefu kwa kawaida zinaanza Januari na maombi yanafungwa miezi kabla, kwa hiyo usisubiri Desemba. Ada ya vituo vya serikali imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kutwa na 120,000 bweni. Gharama kubwa ni vifaa, nauli na chakula. Siyo kila kituo kina kila fani, nenda ukaulize mwenyewe kama karakana ya friji ipo na ina mashine zinazofanya kazi. Ukikuta karakana ina kompresa moja iliyokatwa katikati kwa maonyesho na hakuna mfumo unaopoza, bora achukue umeme pale pale na friji akaisome kwa fundi.

Hiyo njia ya pili siyo ya aibu. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: anapimwa kwa vitendo na anapewa cheti bila kuanza darasani upya. Hapo lile daftari lenye sahihi linakuwa na kazi.

Jambo moja la kuwauzia watu tangu wiki ya kwanza ni kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika tatu hadi tano. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, gesi bado ina presha upande mmoja, kompresa inashindwa kuzunguka na inavuta ampea mara tano au sita ya kawaida. Ikirudia hivyo mara kadhaa kwa jioni, koili inaungua. Kifaa ni bei ndogo kuliko kompresa, na mteja anayeeleweshwa hivi anamkumbuka aliyemweleza.

Mlezi_Majengo

Nimeandika yote. Kuna fundi mmoja Majengo amekubali kumpokea miezi mitatu kabla ya chuo kufunguliwa. Nitajuaje kama ni wa kujifunza kwake?

Ubaridi_Kilombero

Kaa kwenye benchi lake nusu siku, usiseme kitu, angalia. Anajaza gesi kwa mizani au kwa kusikiliza sauti? Pampu ya vakyumu ina vumbi au ina alama za mikono? Draya za zamani zilizotolewa zipo kwenye ndoo ya takataka, au hakuna hata moja? Mtungi anaopimia uvujaji ni wa nitrojeni? Anapochomelea, msaidizi ana miwani? Mteja akifika na friji, anauliza kwanza "ilianza lini na ilifanyaje", au anasema bei kabla hajaichomeka kwenye umeme?

Mizani na nitrojeni vikikosekana, asante na uondoke hata kama ni jirani mwema. Vikiwepo, mwache binti afagie na ashike tochi wiki mbili za kwanza. Kuanzia wiki ya tatu omba apewe kompresa mbovu tano za kupima pini, aandike namba zote kwenye daftari, na fundi asahihishe kwa kalamu nyekundu.